Mono nyingi, faili moja: niliyojifunza kwenye kuunganisha rekodi za sauti

Watu wakinitafuta kuhusu kuunganisha mafaili ya mono (yenye chaneli moja tu kila moja) huwa wanataka komandi tu ya SoX, programu ya sauti inayoendeshwa kwa kuandika komandi, basi tuitoe njiani mapema, hii hapa:

sox -M 01.wav 02.wav 03.wav 04.wav 05.wav 06.wav zote.wav

Umemaliza. Yameingia mafaili sita ya mono, limetoka faili moja lenye chaneli sita, kila maiki iko kwenye chaneli yake na hamna aliyechanganywa na mwenzake. Ingekuwa hivyo tu nisingekuwa na cha kuandika. Kazi yenyewe iko kabla ya huo mstari na baada yake, na nimeshakaa na mafaili ya watu muda mrefu kiasi kwamba mtu akiniambia "nimeunganisha ila kuna kitu hakiko sawa" huwa naweza kubahatisha tatizo hata kabla hajanitumia chochote, maana matatizo ni yale yale yanajirudia.

Kazi zangu mimi nyingi ni mahojiano ya watu kadhaa mezani, michezo ya kuigiza ya sauti, na mara mojamoja filamu fupi zinazotaka sauti ya kuzunguka, ile ya spika tano na sabufa. Huko kote mwisho wa siku unajikuta na folda imejaa mono na mtu anataka faili moja. Na ana haki ya kulitaka. Mafaili sita yakiwa huru, kila moja linaweza kusogea peke yake: mtu anafungua mradi, mkono unateleza kidogo kwenye mausi, maiki ya tatu inasogea robo sekunde, anasevu, anafunga, anaenda zake. Yakishakuwa chaneli za faili moja hayasogezeki kizembe hivyo, kwa sababu ndani ya WAV sampuli (vile vipimo vya sauti vinavyochukuliwa maelfu kila sekunde) zinapangwa kwa zamu, inaandikwa sampuli ya kwanza ya chaneli ya kwanza, halafu ya kwanza ya chaneli ya pili, inaenda hivyo mpaka ya sita ndo inarudi kwenye sampuli ya pili ya chaneli ya kwanza, hadi mwisho wa faili. Ni kama nywele zilizosukwa, ukivuta unavuta zote. Na kuna kazi ambazo bila faili moja hazifanyiki kabisa, mfano zile maiki za ambisoniki, za kunasa sauti ya pande zote, zenye vidonge vinne ndani ya kichwa kimoja, programu ya kuzisoma inataka chaneli nne kwenye faili moja kwa mpangilio inaoujua, ukiipa mono nne inakuangalia tu.

Sasa kosa ninaloliona kuliko yote ni watu kutotofautisha vitu vitatu ambavyo kwa mdomo wote tunaviita kuunganisha. Kuna kurefusha, faili la pili linaanza la kwanza likiisha. Kuna kuchanganya, sauti zote zinamiminwa kwenye chaneli moja. Na kuna kupanga ubavu kwa ubavu, ambayo ndo tunayoitafuta hapa. Kwenye SoX hivi vitu vitatu vinatenganishwa na herufi moja: usipoweka chochote inarefusha, ukiweka -m ndogo inachanganya, ukiweka -M kubwa inapanga. Jamaa mmoja aliniandikia, "Kaka zimeungana safi kabisa ila mgeni anaanza kujibu baada ya saa nzima, mwenyeji akimaliza maswali yote ndo yeye anaanza." Nikamuuliza, mdogo wangu, M uliweka? Akajibu, "M gani?" Basi.

Huyo ana bahati lakini, kwa sababu kurefusha hakuharibu kitu, sauti zote bado ziko salama. Anayeumia ni aliyeweka m ndogo. Huyo faili lake linasikika vizuri tu, pengine limepoa kidogo maana SoX ikichanganya inapunguza sauti ya kila faili kulingana na idadi ya yaliyoingia ili zisipasuke, mtu anaongeza volumu anaridhika, anafuta mono za mwanzo ili apate nafasi kwenye diski, halafu mwezi unaofuata anataka kupunguza kikohozi cha mgeni wa pili. Hakitoki. Ukishachanganya umechanganya, zipo programu siku hizi zinajaribu kutenganisha sauti na zingine zinajitahidi kweli, ila unachopata si rekodi yako ya mwanzo.

Kwa hiyo kabla hujafuta chochote piga soxi, komandi inayokuja na SoX ya kusoma maelezo ya faili, kwenye faili ulilopata, dakika haiishi. Angalia idadi ya chaneli na urefu. Mono sita za saa moja moja zikitoa chaneli sita na saa moja, uko sawa. Zikitoa chaneli moja na masaa sita, umerefusha. Chaneli moja na saa moja, umechanganya.

Kurefusha nako kuna siku unakuhitaji. Rekoda nyingi zikirekodi muda mrefu zinakata faili vipande vipande, kila maiki inakuwa na sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapo unarefusha kwanza kila maiki kivyake, halafu ndo unapanga. Ukienda kinyume, yaani ukabeba folda nzima ukaandika sox -M *.wav, unapata faili la chaneli kumi na nane ambalo dunia haijawahi kuliona. Na hiyo nyota nayo ina mambo yake, mafaili inayapanga kialfabeti, kwa hiyo maiki10 inakuja kabla ya maiki2. Mimi majina yangu yote yanaanza na tarakimu mbili, 01, 02, 03, hata kama maiki ni tatu tu, na mafaili ya mtu yakinifikia kitu cha kwanza ni kuyabadilisha majina hata kabla sijasikiliza.

Tukija kwenye mafaili yenyewe, kinachosumbua ni kwamba yanafanana kwa nje tu. Moja limerekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, lingine 44,100 kwa sababu mgeni wa mbali alijirekodi na kifaa chake mwenyewe. SoX hapo inakataa, inakwambia mafaili yawe na kiwango kimoja cha sampuli, na mimi naipenda kwa huo ukali wake. Shida inakuja kwa wanaojiandikia skripti ya Python, unasoma namba za kila faili, unazibandika ubavu kwa ubavu, unaandika 48,000 kwenye heda (yale maelezo ya mwanzo wa faili), na hamna mtu wa kukuzuia. Ile ya 44,100 itachezwa haraka kuliko ilivyorekodiwa, saa moja ya mgeni inaisha kwenye dakika 55 na sekunde saba hivi, na sauti yake inapanda karibu nusutoni moja na nusu. Si sana kiasi cha kuchekesha, ndo ubaya wake, unaweza kusikiliza dakika mbili za mwanzo ukasema mbona huyu mzee ana sauti nyembamba, labda alikuwa na mafua. Dawa ni kubadilisha kwanza, sox mgeni.wav -r 48000 mgeni48.wav, ndo unaendelea. Tofauti ya biti, yaani kila sampuli imeandikwa kwa undani kiasi gani, wala sihangaiki nayo, 16 ikipandishwa kuwa 24 haipotezi kitu, kwa hiyo zote napeleka 24.

Halafu kuna mono ambazo si mono. Simu na rekoda nyingi zinatoa faili la stirio hata kama maiki iliyochomekwa ni moja, sauti iko upande mmoja na wa pili mtupu, au imenakiliwa pande zote. Ukipanga mono tano na moja ya namna hiyo unapata chaneli saba badala ya sita, na kila kilicho nyuma yake kinasogea hatua moja. Hapa watu wanakimbilia kushusha stirio kuwa mono kwa kujumlisha pande mbili, mi siwashauri. Upande mmoja ukiwa mtupu utabaki na sauti nusu, na kama kuna waya au adapta imegeuza polariti ya upande mmoja, yaani wimbi limepinduliwa juu chini, pande mbili zikijumlishwa zinafutana na unabaki na ukimya au kitu kama mtu anaongea ndani ya pipa. Chagua upande mmoja tu, sox mgeni.wav mgeni_mono.wav remix 1, au remix 2 kama ndo wenye sauti. Sikiliza kwanza upi ni upi.

MP3 nayo nisiisahau. Mtu anakutumia maiki tano kwa WAV na ya sita kwa MP3 eti ni nyepesi. Ukiifungua kuwa WAV mara nyingi inakuja na ukimya kidogo mwanzoni ambao haukuwepo kwenye rekodi, unatokana na jinsi MP3 inavyotengenezwa na kufunguliwa. Kawaida ni kama sampuli 1,105, kwenye 44,100 hiyo ni kama milisekunde 25. Programu nyingine zinajua kuikata na nyingine hazijui. Milisekunde 25 kwa mtu aliye chumba kingine si kitu, ila maiki mbili zikiwa zinasikia chanzo kimoja hapo sauti inaanza kuwa na mwangwi mfupi wa kukera.

Hapo ndo tunafika kwenye kupanga mwanzo. Kama maiki zote zimeingia kwenye rekoda moja, mshukuru aliyekuwekea hiyo rekoda na usiguse kitu, zilianza pamoja na zitaisha pamoja. Kama ni vifaa tofauti, kila kimoja kilibonyezwa wakati wake, na dawa ya zamani ndo bado dawa: kila mtu akishawasha, mmoja anapiga kofi moja kubwa katikati ya meza. Kwenye mchoro wa mawimbi kofi linaonekana kama msumari, unavuta mpaka ule mwanzo wa msumari, unasoma namba ya sampuli, na kila faili unalikata au kuliongezea ukimya mbele mpaka misumari ikae mstari mmoja. Rekoda za kitaalamu zinaandika pia ndani ya faili muda wa kuanza, ikihesabiwa kwa sampuli tangu saa sita usiku, hiyo inasaidia sana ila saa za vifaa ziwe zimelinganishwa kabla. Zisipolinganishwa hiyo namba inakudanganya kwa kujiamini kabisa.

Sasa swali ambalo watu wanabishana: misumari iwe mstari mmoja mpaka sampuli ya mwisho? Inategemea. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde kwenye joto la nyuzi 20, kila mita moja ni karibu milisekunde tatu. Maiki iliyo mita mbili mbali na kofi italisikia kama milisekunde sita baadaye, na huo ndo ukweli wa chumba. Kwa mahojiano ambapo kila mtu ana maiki yake ya kubana nguoni, mi nikishafika ndani ya milisekunde chache naacha, sikimbizani na sampuli. Lakini kama ni maiki kadhaa zilizopangwa kwa makusudi kuchukua sauti ya mahali pamoja, zile tofauti ndogo ndo zinazoliambia sikio sauti inatoka wapi. Nimeona mtu mwenye bidii amezisawazisha zote mpaka sampuli, anajivunia, na ule upana wote wa chumba umekwisha, unasikia kitu kimekaa katikati ya paji la uso.

Ukishapanga mwanzo usiseme umemaliza, nenda mwisho wa faili. Kila kifaa kina kristali yake inayohesabu sampuli na hakuna mbili zinazokwenda sawasawa. Tofauti ya sehemu 20 kwa milioni, ambayo ni ya kawaida kabisa kwenye vifaa vya bei ya chini, ndani ya saa moja inafika milisekunde 72. Mwanzo wanaongea pamoja safi, kufika robo saa kuna kaukakasi, kufika mwisho kila neno lina kivuli chake. Ndo maana mi naomba kofi mbili, la kuanza na la kumaliza. Unapima umbali kati ya makofi mawili kwenye faili unaloliamini, unapima kwenye lile lingine, unagawanya, unapata namba kama 1.00002, unaipeleka kwenye speed ya SoX: sox mgeni.wav mgeni_sawa.wav speed 1.00002, hiyo ni kama faili la mgeni ndo refu. Sauti inapanda kwa kiasi ambacho hakuna sikio la binadamu litakalojua. Usitumie zile zana za kubadilisha mwendo bila kubadilisha sauti, zile zinakatakata na kubandika upya na zinaacha alama, kwa marekebisho madogo namna hii ni kujitafutia matatizo.

Kuna kesi moja tu ambayo speed haiiwezi, simu iliyozidiwa ikaruka sehemu ya rekodi. Hiyo haipishani taratibu, inaruka ghafla. Makofi mawili yatakudanganya hapo, kwa hiyo sikiliza na katikati pia, ukikuta mwanzo sawa, katikati mbali, mwisho mbali kwa kiasi kile kile, jua kuna mruko mahali, utafute, kata hapo, ongeza ukimya, endelea.

Basi mafaili yamekuwa sawa, yamepangwa, komandi imepita. Sasa ndo inakuja ile sehemu ambayo kwangu mimi ni nusu ya somo lote, nani yuko chaneli ya ngapi.

Kwenye WAV ya spika tano na sabufa mpangilio ni kushoto, kulia, kati, sabufa, nyuma kushoto, nyuma kulia. Watu wa filamu wengi, na programu ya kuhariri sauti ya Pro Tools kwa kawaida yake, wanapanga kushoto, kati, kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, sabufa. Mipangilio yote miwili ni halali na faili lenyewe halikwambii kama umekosea, linacheza tu. Chukua mono zilizopangwa kifilamu, zipange kwa zamu hiyo hiyo kwenye WAV, halafu sikiliza kinachotokea: mazungumzo yanatoka spika ya kulia, muziki wa kulia umehamia katikati kwenye nafasi ya waigizaji, sauti za nyuma kushoto zimetumwa kwenye sabufa ambayo inapokea masafa ya chini tu kwa hiyo zimemezwa, nyuma kulia imekuja nyuma kushoto, na ule mngurumo wa besi unatoka nyuma yako kulia kwenye kispika kidogo kinachotetemeka kama kina homa. Ukisikia hivyo wala usirudi mwanzo, ni mstari mmoja: sox mbaya.wav nzuri.wav remix 1 3 2 6 4 5.

Ila hiyo ya filamu angalau inasikika vibaya, mtu anajua kuna shida. Iliyonifundisha zaidi ni ya mahojiano. Watu sita mezani, maiki sita, mtengenezaji akatumia ffmpeg, programu nyingine ya komandi, na kile kichujio chake cha amerge kinachopanga mafaili ubavu kwa ubavu, akapata faili la chaneli sita, akalishusha kuwa stirio ili wenzake wasikilize. Wakasikiliza wakamuuliza, mbona dada wa nne hajaongea? Na kweli kwenye ile stirio haongei. Wenzake wanamuuliza swali, kimya, halafu wanamshukuru kwa jibu zuri. Kwa mbali kabisa unamsikia kwenye maiki ya jirani yake. Wakahisi maiki yake ilikufa, wakaanza kupanga kumrekodi upya.

Maiki haikufa. Faili la chaneli sita lilipewa lebo ya spika tano na sabufa, kwa sababu ukiipa amerge mono sita zisizo na maelezo inachukua mpangilio wa kawaida wa chaneli sita, ndo huo. Chaneli ya nne kwenye huo mpangilio ni ya sabufa. Na ffmpeg ikishusha kuwa stirio, kwa kawaida chaneli ya sabufa inaitupa, haichanganyi kabisa. Dada wa watu alikuwa amekaa kwenye kiti cha sabufa bila kujua. Wa kwanza alikuwa kushoto kabisa, wa pili kulia kabisa, wa tatu katikati, wa tano na wa sita wamepunguzwa sauti kwa sababu programu iliwaona ni spika za nyuma. Hamna kilichoharibika, zote sita zilikuwemo ndani ya faili la kwanza, remix 4 akatoka dada anaongea vizuri sana tena kuliko wote.

Wangelipeleka moja kwa moja kwenye AC-3 (muundo wa Dolby Digital) kwa mfano na mono wakazifuta, hapo ndo ingekuwa msiba, kwa sababu AC-3 chaneli ya sabufa inaibana kwenye hezi 120 kushuka, maneno ya mtu hayabaki. Kwa hiyo kama chaneli zako ni watu na si spika, usikubali lebo ya spika. Toa bila lebo ukiweza, na ukilazimika kukaa na chaneli sita zenye lebo, wahi kuzishusha mwenyewe kwa mkono, ukiandika kila chaneli iende wapi kwa kiasi gani, usiiachie programu ikuamulie. Na kama ni spika kweli, kwenye ffmpeg achana na amerge tumia join, ile inakuruhusu kuandika kila faili liingie kiti gani kwa jina. Pia amerge ina tabia ya kusimama faili fupi kuliko yote likiisha, wakati SoX inalijazia fupi ukimya mpaka refu liishe. Mwisho wa mazungumzo umekatika? Anzia hapo.

Kwa ambisoniki ni vita ile ile kwa sare nyingine, mpangilio wa zamani unakwenda W, X, Y, Z (W ni sauti ya pande zote, X mbele na nyuma, Y kushoto na kulia, Z juu na chini) na mpangilio mpya zaidi wa AmbiX unakwenda W, Y, Z, X, ukichanganya unapata dunia iliyolala ubavu. Kama sikio linakwambia ndege aliyepita juu amepita kushoto, usihangaike na maiki, angalia mpangilio.

Namna ya kuhakiki mi nimebaki na mbili. Ya kwanza ni ya kizamani, kabla ya kazi kuanza kila maiki inasemewa namba yake, "maiki moja, maiki mbili", mtu akiwa ameisogelea kabisa. Sekunde chache tu hizo na zinaokoa masaa. Ya pili ni ya baada, unatoa chaneli kwenye faili kubwa (tuseme ya nne, uiite toka4.wav), unaigeuza polariti, unaichanganya na mono ya asili: sox -m -v 1 04.wav -v -1 toka4.wav -n stat. Kama ni ile ile kweli, zinafutana na kiwango cha juu kinasoma sifuri. Kisiposoma sifuri kuna kitu kimeguswa njiani, au ile siyo chaneli ya nne. Mono za asili hazifutwi mpaka sifuri zote zimepatikana, hilo kwangu halina mjadala.

Wasiopenda komandi wasijione wamekosea, programu ya Audacity inaweza, ila wakati wa kutoa faili uchague mpangilio wako mwenyewe wa chaneli, usipofanya hivyo inakuchanganyia zote kuwa mono au stirio. Reaper, programu nyingine ya kuhariri sauti, pia inaweza, unaongeza chaneli za traki kuu na kila mono unaielekeza kwake, inachosha ila unaona kwa macho.

Ukubwa sasa. WAV ya kawaida inaandika ukubwa wake kwa biti 32, kwa hiyo dari ni gigabaiti 4. Chaneli nane za biti 24 kwa 48,000 zinafika hapo kwenye saa moja na dakika mbili, chaneli sita kwenye saa moja na dakika 22 au 23. Kila mono peke yake ilikuwa mbali kabisa na dari, ndo maana watu hawategemei. Programu nyingine zinakoma kabla, kwenye gigabaiti 2. Kazi ikiwa ndefu toa kwa RF64 au W64, miundo ya jamii ya WAV isiyo na hiyo dari, au FLAC ambayo inabeba mpaka chaneli nane bila kupoteza kitu na inakuwa nyepesi zaidi. MP3 isahau, mwisho wake ni chaneli mbili.

Na ukiletewa faili la chaneli sita bila maelezo yoyote na aliyelitengeneza hapatikani, piga sox faili.wav -n stats, inakupa vipimo vya kila chaneli kivyake, halafu sikiliza moja moja. Ile isiyo na kitu zaidi ya mngurumo ni sabufa. Ikiwa ya nne uko kwenye mpangilio wa WAV, ikiwa ya sita mtu alipanga kifilamu. Yenye mazungumzo makavu bila muziki ni ya kati. Mbili zinazofanana na zina muziki mwingi ni za mbele, mbili zilizopoa zenye mvua na magari ya mbali ni za nyuma. Kushoto na kulia ndo kazi, hapo itabidi uwe na picha, utafute gari linalokatiza skrini.